Chupa Mlangoni: Mjadala Kuhusu Udhibiti wa Pombe Inayopelekwa Nyumbani Kenya

Sheria ya kaunta na biashara ya simu

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo mitaani huitwa Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeifikisha bungeni, iliandikwa kwa kuitazama kaunta. Inamtaka muuzaji awe na leseni, na leseni hiyo itaje jengo anamouzia. Inaiweka baa umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Siku za kazi baa hufunguliwa saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku; Jumamosi, Jumapili na sikukuu huanza saa 8 mchana. Ni kosa kumuuzia mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na mashine za kujiuzia pombe zimekatazwa. Masharti haya yote yanachukulia kwamba mnunuzi atasimama mbele ya muuzaji, uso kwa uso, mahali ambapo polisi au afisa wa kaunti anaweza kuingia na kukagua.

Kupelekewa pombe nyumbani kumeuondoa mkutano huo. Mteja huchagua chupa kwenye programu ya simu, kwenye tovuti ya duka au kwa ujumbe wa WhatsApp, hulipa kwa M-Pesa, na baada ya muda mfupi mwendesha bodaboda hupiga simu kusema yuko getini. Huduma hii ilikuwapo Nairobi kabla ya Korona, lakini mwaka 2020 ndio ulioifanya mazoea. Baa zilifungwa mwezi Machi na hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi mwisho wa Septemba, kafyu ikawarudisha watu nyumbani mapema, na tangu mwishoni mwa Julai hata mikahawa ilizuiwa kuuza pombe. Katika miezi hiyo mnywaji alibakiwa na chupa ya kununua na kuondoka nayo, au ya kuletewa. Baa zilipofunguliwa tena, wateja wengi walikuwa wameshazoea.

Tarehe 30 Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kuzuia na kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21, na kupiga marufuku uuzaji wa pombe mtandaoni pamoja na kuipeleka nyumbani. Malalamiko yalizuka mara moja, na NACADA, mamlaka ya taifa inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya, ikafafanua kwamba sera si sheria: mapendekezo hayo hayamfungi mtu mpaka yapitie hatua za kutunga sheria. Kwa hiyo swali bado liko mezani. Je, pombe ya kupelekwa nyumbani ikatazwe kabisa, au iwekewe masharti, na kama ni masharti, yawe yapi?

Mjadala ufuatao unawakutanisha wahusika sita wa kubuni, kila mmoja akibeba upande wenye haki ya kusikika: Afisa wa Leseni wa kaunti, Mwenye Duka la pombe, Mzazi, Mwendesha Boda, Daktari anayetibu waraibu, na Wakili.

Kukataza au kuweka masharti

Anayeanza ni Mzazi, kwa sababu sheria hutajwa kuwa ipo kwanza kwa ajili ya mtoto.

Mzazi: "Baa ikifunguliwa karibu na shule tunajua pa kwenda. Tunaandika barua, tunamwona chifu, tunakwenda ofisi ya kaunti. Hili duka la kwenye simu tutalipeleka kwa chifu gani? Mtoto akiwa amelala kitandani kwake, hakuna mita 300 kati yake na chupa. Sera imesema marufuku. Basi iwe marufuku."

Mwenye Duka: "Mama, nami ni mzazi, na juu ya mtoto sibishani nawe. Ninachouliza ni nani atakayezuiwa. Mimi leseni yangu iko ukutani, ada ya kaunti nimelipa, ushuru nimelipa, jina langu linajulikana. Nikiambiwa niache kupeleka nitaacha, maana nina cha kupoteza. Anayeuza kutoka kwenye buti la gari hataacha. Hata leo hayumo katika daftari la mtu yeyote."

Afisa wa Leseni: "Hoja hiyo kila mfanyabiashara huja nayo ofisini kwangu. Tukiifuata, hakuna kitakachokatazwa nchi hii. Marufuku ina faida moja: askari hahitaji kujua mengi. Akikuta chupa kwenye boksi la pikipiki, kosa limeshaonekana. Ukinipa masharti kumi umenipa kazi kumi, na askari ni walewale."

Kenya imewahi kuzijaribu njia zote mbili, na historia hiyo husomwa na kila upande kwa jicho lake. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Kwa miaka 30 iliendelea kupikwa na kuuzwa gizani, na mara kadhaa ikachanganywa na kemikali zilizoua na kupofusha wanywaji. Sheria ya 2010 ilifuta marufuku hiyo ili kinywaji hicho kitengenezwe kwa leseni na kupimwa ubora. Wanaopinga marufuku huuchukua mwaka 2010 kuwa ushahidi kwamba kinachokatazwa hakikomi, kinajificha tu. Wanaoitaka hujibu kwamba kuhalalisha nako hakukuleta usalama ulioahidiwa: Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye sumu, na Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga kwa sababu hiyohiyo. Afrika Kusini, iliyosimamisha uuzaji wa pombe mara nne kati ya Machi 2020 na Julai 2021 kwa sababu ya Korona, iliona magendo yakiendelea katika kila kipindi. Hata hivyo, Afrika Kusini ilikataza mauzo yote. Marufuku ya kupeleka tu humwachia mnywaji njia halali ya kwenda dukani mwenyewe, na kwa hiyo msukumo wa kutafuta magendo huwa mdogo zaidi.

Ugumu wa marufuku hiyo uko kwingine, na Mwendesha Boda ndiye anayeufahamu kwa ukaribu.

Mwendesha Boda: "Mkubwa, boksi langu lina unga, maziwa, nepi za mtoto na chupa moja ya mvinyo. Mteja aliyenizoea amenipigia, amenitumia pesa, ameniambia pitia dukani unichukulie. Hapo nimeuza pombe, au nimetumwa dukani kama mtoto wa jirani?"

Swali hilo linaonyesha kwamba kinachoitwa kupeleka nyumbani ni mambo matatu. La kwanza ni duka lenye leseni linalotumia waendeshaji wake. La pili ni kampuni ya programu ya simu inayopokea oda, kuzipeleka madukani, kisha kumpa kazi mwendeshaji wa kujitegemea. La tatu ni mteja anayemtuma mwendesha boda amnunulie. Mawili ya kwanza huacha nyayo: oda, malipo, anwani, jina la duka. La tatu halina alama yoyote isipokuwa pesa iliyotumwa kwa simu. Marufuku itayafuta yale mawili yanayoonekana na kulikuza lile lisiloonekana. Afisa anakiri jambo hilo, ila anaongeza kwamba njia ya tatu haina matangazo, haina bei za ofa na haimkumbushi mtu kila Ijumaa jioni kwamba kiu imefika. Kukiondoa kishawishi hicho, kwake yeye, ni faida hata kama chupa chache zitaendelea kupita.

Mauzo yanafanyika wapi

Kabla ya kuandika sharti lolote, sheria inapaswa kujua pombe imeuzwa mahali gani: dukani au mlangoni.

Wakili: "Leseni humruhusu mtu kuuza katika jengo lililotajwa. Kwa kanuni za kawaida za uuzaji wa bidhaa, muuzaji akimkabidhi mchukuzi mzigo uliokwisha kulipiwa ili aufikishe kwa mnunuzi, huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Kwa hesabu hiyo mauzo yamekamilika dukani, penye leseni. Lakini mteja akilipa getini baada ya kuiona chupa, mtu anaweza kudai kuwa mauzo yamefanyika getini, na geti halina leseni. Chupa ni ileile, duka ni lilelile; kilichobadilika ni wakati wa kulipa."

Afisa wa Leseni: "Na hapo, Wakili, umesahau mipaka. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Duka likiwa Nairobi, mimi wa Nairobi ndiye niliyelikagua. Mzigo ukienda Ruaka umeingia Kiambu. Ukienda Mlolongo umeingia Machakos, na Kitengela ni Kajiado. Kila kaunti ina sheria yake na ada yake. Kaunti ile inaona chupa zikiingia, haipati shilingi, wala haijui zimetoka kwa nani."

Kenya ina kaunti 47, na mji wa Nairobi umeshavuka mipaka ya kaunti yake. Njia mbili zinapendekezwa. Ya kwanza ni leseni ya duka ibaki ya kaunti, lakini ruhusa ya kupeleka iwe nyongeza inayoandikwa juu yake na kutambuliwa na kaunti jirani kwa makubaliano. Ya pili ni bunge la taifa kuweka kiwango kimoja cha upelekaji nchi nzima, na kaunti ziendelee kukagua maduka. Mwenye Duka anaipenda ya pili kwa sababu inampunguzia ofisi za kuzungukia. Afisa anaipenda ya kwanza kwa sababu inaiachia kila kaunti sauti yake. Kaunti ambayo wakazi wake wengi hawataki pombe, kama zilivyo baadhi ya kaunti za Pwani na Kaskazini zenye Waislamu wengi, isingependa kuona kibali cha Nairobi kikigonga milango yake. Wakili anasema jambo moja haliwezi kungoja upande utakaoshinda: sheria itamke waziwazi kwamba, kwa kazi ya kudhibiti pombe, makabidhiano ya mlangoni ni sehemu ya mauzo, bila kujali pesa ililipwa lini. Kauli hiyo ikikosekana, mahakama zitabaki zikigawanya chupa vipande viwili.

Kitambulisho getini

Jinsi mambo yanavyokwenda leo huonekana vizuri katika geti la nyumba za kupanga, saa 3 usiku. Mwendeshaji anafika, soja anamzuia nje, anapiga simu. Mtu anashuka ngazi na kandambili, anataja jina lililo kwenye oda, anapokea mfuko wa karatasi uliofungwa kwa pini, anarudi juu. Yote hayo huchukua chini ya dakika mbili. Hakuna aliyeuliza kitambulisho. Aliyeshuka anaweza kuwa ndiye aliyeagiza, mdogo wake, msaidizi wa nyumbani au mtoto aliyetumwa.

Mzazi: "Kwenye simu wanauliza kama umetimiza miaka 18, unabonyeza ndiyo. Mtoto gani atabonyeza hapana?"

Mwenye Duka: "Ndiyo maana tunapokea M-Pesa, mama. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima."

Mzazi: "Laini ni yangu, simu ni yangu, na namba ya siri ameiona nikilipa stima. Mtu mzima aliyesajiliwa ni mimi, anayekunywa ni yeye."

Jibu la Mzazi linagusa kasoro ya ukaguzi wote unaofanyika kwenye simu: huthibitisha aliyelipa, haumthibitishi anayepokea. Kwa hiyo sehemu zilizoamua kuruhusu biashara hii zimehamishia ukaguzi mlangoni. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza kutumia kanuni mpya tarehe 1 Julai 2021 kwa pombe inayoagizwa na kupelekwa siku hiyohiyo. Anayepokea anakaguliwa umri. Mzigo hauruhusiwi kuachwa mlangoni bila mtu. Aliyelewa hakabidhiwi, na wanaopeleka hupata mafunzo maalumu ya kazi hiyo.

Kwa Kenya, umri wenyewe hubadilisha ugumu wa kazi. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Kwa sheria ya sasa, kuwa na kitambulisho chenye sura ya mwenyewe kunatosha, na mwendeshaji hahitaji kupiga hesabu. Umri ukipanda hadi 21, kijana wa miaka 19 atakuwa na kitambulisho halali kisichomruhusu kupokea chupa. Mwendeshaji atalazimika kuisoma tarehe ya kuzaliwa kwa taa ya pikipiki na kutoa mwaka kutoka mwaka. Hesabu si ngumu, lakini ni hesabu ya usiku, mvua ikinyesha, oda nyingine ikilia mfukoni, na mbele yake kijana anayesisitiza kwamba ameshalipa. Wakili anapendekeza programu ya simu ifanye hesabu hiyo: mwendeshaji aingize tarehe ya kuzaliwa, na oda isifungike mpaka mfumo ukubali.

Mzigo wa mwendeshaji

Hapa ndipo sauti zinapogongana kwa ukali zaidi, kwa kuwa masharti yote ya mlangoni hutekelezwa na mtu mmoja.

Mwendesha Boda: "Nimesikia wote mkinipangia kazi. Nikague umri, nipime kama mtu amelewa, nikatae nikiona mashaka. Sasa niulizeni mimi. Nikikataa, mteja ananipa nyota moja. Nyota zikishuka, oda zinapungua. Chupa narudi nayo dukani kwa mafuta yangu. Kama nilitoa pesa yangu kumnunulia, hiyo pesa imelala. Na mtu mwenyewe ni mlevi, niko getini kwake, ni usiku. Akinipiga, nani atanitetea?"

Mwenye Duka: "Kijana wangu, hakuna duka litakalokukata ukirudisha chupa kwa sababu ya sheria."

Mwendesha Boda: "Bosi, wewe hutanikata. Programu itanikata, na programu haina ofisi ya kwenda kulalamika."

Mhudumu wa baa anayemkatalia mlevi ana meneja nyuma yake, ana mlango wa kufunga na mara nyingi ana baunsa. Mshahara wake haupungui kwa kukataa. Mwendeshaji hulipwa kwa safari, hufanya kazi peke yake, na hukataa akiwa kwenye uwanja wa mteja. Sheria ikimpa wajibu wa mhudumu bila kumpa ulinzi wa mhudumu, itakuwa imeandika sharti ambalo kila mtu ana sababu ya kulipuuza. Kanuni za New South Wales ziliona tatizo hili: haziruhusu mwendeshaji aadhibiwe kipesa kwa kukataa kumkabidhi mtoto au mlevi.

Wakili: "Hapo kuna maneno mawili ya kuandika, na yasitenganishwe. La kwanza: safari ya kukataa ilipwe sawa na safari ya kukabidhi, kwenda na kurudi, na isihesabiwe katika nyota. La pili: kosa la mlangoni liwe kwanza la mwenye leseni na la kampuni iliyopokea oda. Mwendeshaji aadhibiwe pale tu alipojua na kukusudia. Mkimshtaki yeye peke yake, kila wiki mahakama zitajaa vijana wa boda, na biashara itaendelea kwa vijana wengine."

Afisa wa Leseni: "Na yule wa njia ya tatu, anayetumwa na mteja wake?"

Wakili: "Huyo hana mwenye leseni juu yake kwa safari ile. Lakini duka linamwona anapokuja kununua. Anayenunua kwa ajili ya mtu mwingine, kila siku, chupa tatu nne za aina tofauti, si mnunuzi wa kawaida. Mpe mwenye duka wajibu wa kumwandikisha."

Mwenye Duka hakufurahia wajibu huo, lakini hakuukataa moja kwa moja, kwa sababu waendeshaji wasioandikishwa ndio wanaoshindana naye kwa bei bila kubeba gharama zake.

Saa za kupeleka na oda ya pili

Daktari: "Tunazungumza juu ya mtoto kana kwamba mtu mzima hana tatizo. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikadiria kwamba mtu 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini anatumia pombe. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe duniani mwaka 2019. Wengi ninaowatibu si watoto. Ni watu wazima waliokuwa wakijiwekea mipaka midogo: sitabeba chupa nyumbani, nitakunywa Jumamosi tu, nikimaliza hii sitoki tena usiku. Huduma hii inaivunja mipaka hiyo mmoja baada ya mwingine."

Mwenye Duka: "Daktari, hata hivyo huyo mtu asingetumiwa chupa, angechukua gari aifuate. Tangu alkoblo, vile vipimo vya pombe kwa madereva, zilipoanza barabarani 2013, tumeambiwa tusiendeshe tukiwa tumekunywa. Chupa ikimfikia nyumbani, gari inabaki imeegeshwa."

Hoja zote mbili zina ukweli, na hazifutani. Kuletewa chupa kunaweza kumwondoa mlevi mmoja barabarani na papo hapo kumwongezea mwingine kipimo ambacho asingekipata. Baa huuza kwa glasi au kwa chupa ndogo, mhudumu huona mtu anavyobadilika, na saa ya kufunga hufika. Nyumbani hakuna anayepima, na anayeumia kwanza mara nyingi ni mke, mume au watoto walio ndani. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao SAFER, uliotangazwa 2018, unaweka kupunguza upatikanaji wa pombe miongoni mwa hatua tano zinazofaa zaidi, na saa za kuuza ni sehemu ya upatikanaji huo.

Daktari anataka mambo matatu. Kwanza, saa za kupeleka zisiwe ndefu kuliko saa za baa. Haina maana baa ifungwe saa 5 usiku kisha pikipiki ziendelee kupeleka hadi alfajiri. Mifano ipo: New South Wales husimamisha upelekaji wa siku hiyohiyo saa 6 usiku, na Jumapili saa 5 usiku. Sheria ya Scotland ya 2005 inakataza kupeleka pombe majumbani kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Pili, mtu aweze kujifungia mwenyewe: aombe jina na namba yake ziwekwe katika orodha ya wasiouziwa, na kampuni isimtumie matangazo wala kupokea oda yake. Tatu, iwekwe nafasi ya saa kadhaa kati ya oda moja na nyingine kwenda anwani moja usiku uleule, kwa kuwa oda ya pili huagizwa na mtu ambaye ya kwanza imeshamlewesha.

Mwenye Duka anakubali la kwanza na la pili. La tatu analipinga: familia yenye sherehe na mlevi aliye peke yake huonekana sawa kwenye skrini, na maghorofa mengi yana wapangaji 50 kwenye anwani moja. Mwendesha Boda anakumbusha kwamba mteja aliyezuiwa kwenye programu moja atafungua nyingine. Daktari anajibu kwamba kizuizi hakihitaji kuwa ukuta. Mtu anayetamani kuacha husaidiwa hata na ucheleweshaji wa dakika kumi.

Kumbukumbu, bandia na faragha

Jambo moja ambalo upelekaji unaweza kulifanya vizuri kuliko kaunta ni kuweka kumbukumbu. Chupa iliyouzwa kwa pesa taslimu dukani haiachi jina la mtu. Chupa iliyoagizwa kwa simu ina saa, duka, aina, bei na mahali ilipofikishwa. Sheria ya Scotland ililitambua hili hata kabla ya programu za simu kuenea: mwenye leseni anatakiwa kuandika kiasi, aina na bei ya pombe pamoja na jina na anwani ya anayepelekewa, dukani na kwa anayeisafirisha. Kenya ina vifaa vya kujengea juu yake: stempu za ushuru za Mamlaka ya Mapato ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua kwa simu kupitia programu ya Soma Label, na risiti za kielektroniki za eTIMS. Ikilazimishwa kwamba kila chupa inayopelekwa iwe na stempu na risiti yenye namba ya leseni ya duka, askari atakayefungua boksi atakuwa na kitu cha kukagua, na chupa bandia itajitenga yenyewe.

Mzazi analiunga mkono kwa haraka. Anayesita ni Wakili.

Wakili: "Orodha ya nani anakunywa nini, mara ngapi, usiku gani, ni siri ya mtu. Mwajiri angependa kuiona, na kampuni ya bima pia. Katika ndoa inayovunjika, kila upande ungeitaka. Muislamu anayekunywa kwa kificho angeumizwa nayo kuliko kwa faini yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu. Kuthibitisha umri hakuhitaji picha ya kitambulisho kubaki kwenye simu ya mwendeshaji."

Afisa wa Leseni: "Bila kumbukumbu sina kesi."

Wakili: "Bakia na kumbukumbu ya duka na mzigo. Ya mteja iwe jibu moja tu: umri umekaguliwa, na aliyekagua ni nani. Jina lake lifutwe baada ya muda uliotajwa kisheria."

Wanapokutana na wanapoachana

Sauti sita zimekubaliana katika mambo kadhaa ambayo mwanzoni hayakuonekana. Makabidhiano ya mlangoni yahesabiwe kuwa sehemu ya mauzo. Mzigo usiachwe kwa soja, kwa jirani wala kwa mtoto. Umri ukaguliwe kwa anayepokea, si kwa anayelipa. Mwendeshaji alipwe anapokataa, na lawama ya kwanza imwangukie mwenye leseni na kampuni ya programu. Saa za kupeleka zisipite saa za baa. Anayetaka kujifungia apewe njia. Kila chupa ifuatane na stempu na risiti inayotaja duka. Masharti haya yanabana kuliko biashara ilivyo leo, na hata wanaotaka marufuku wanakiri kwamba yatafaa kuwapo iwapo marufuku haitapita.

Yaliyobaki ni matatu. La kwanza ni kama masharti hayo yatatekelezwa na kaunti ambazo tayari zinashindwa kukagua baa zote zilizomo. Afisa anaamini marufuku ni rahisi zaidi kusimamia. Mwenye Duka anaamini itasimamiwa dhidi ya wenye leseni peke yao. La pili ni umri wa miaka 21. Mzazi na Daktari wanautaka, na Wakili anauliza kwa nini mtu anayeruhusiwa kupiga kura, kuoa na kushtakiwa kama mtu mzima akiwa na miaka 18 asiruhusiwe kupokea chupa. La tatu ni waendeshaji wanaotumwa na wateja wao, ambao marufuku haiwafikii, na masharti yanawafikia nusu nusu kupitia maduka wanayonunulia.

Uamuzi wa mwisho hautatolewa na sera ya 2025 yenyewe. Kubadilisha umri au kukataza njia ya uuzaji kunahitaji marekebisho ya sheria ya 2010 bungeni, na Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla ya muswada kupitishwa. Baada ya hapo mabunge ya kaunti yatalazimika kurekebisha sheria zao za leseni, ikiwamo ile ya Nairobi ya 2014, na kuamua maafisa wao watakagua nini wanapokutana na boksi la pikipiki barabarani usiku.